Manjano Kidogo, Ukipenda

Jumapili, 2 Machi

Mama, leo ni tarehe mbili Machi, uliondoka jana, na ninaahidi kukuandikia kila kitu, hata yale ambayo hutayapenda. Ulisema pale kituoni kwamba kwenye simu watu wote wa nyumba hii husema "hatujambo" hata paa likiruka. Basi daftari hili halitasema hatujambo mpaka tuwe hatujambo kweli. Mafunzo yako ni ya miezi minne, na daftari likijaa kabla hujarudi nitakutumia.

Hali yenyewe ni hii. Babu ana kilo arobaini na nne. Barua ya daktari wa macho nimeibandika kwenye mlango wa kabati ili niisome kila ninapochukua sahani. Inasema kikosi cha upasuaji wa mtoto wa jicho kitakuwepo hospitali kuanzia katikati ya Mei na kitaondoka tarehe thelathini, na kwamba mgonjwa aliyedhoofishwa na nimonia kiasi hiki hatapangiwa siku mpaka afike kilo hamsini na kikohozi kimwishe. Asipofika, ni mwakani. Babu anasema mwakani hakutakuwa na macho ya kupasua, maana hata sasa haoni tena mishale ya saa ya ukutani.

Kilo sita kwa wiki kumi na mbili. Nimegawanya: nusu kilo kila wiki. Ukiiandika haionekani nyingi.

Jumanne, 4 Machi

Uji vijiko viwili. Wali hakugusa. Joto.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempeleka kliniki baada ya masomo. Nesi wa mizani akamwambia, "Mzee, vua koti." Babu akasema, "Nikivua koti utapima nini?" Nesi alicheka, lakini mizani haikucheka. 44.0.

Jumatano, 12 Machi

Mvua imeanza, na paa la jikoni limeanza kuvuja palepale juu ya jiko. Baba anasema ataliziba Jumapili. Hakusema Jumapili ipi. Wiki hii ametengeneza mafriji manne ya watu.

Ijumaa, 14 Machi

43.6.

Jumapili, 16 Machi

Leo nitaandika jambo ambalo silioni zuri. Nimemkasirikia Babu.

Nilimpikia uji wa maziwa, nikamtilia sukari na siagi, nikauchuja mara mbili. Akautazama kwa kuinamisha kichwa upande, kama anavyotazama kila kitu, akasema, "Rangi ya saruji." Akaonja. "Na ladha ya gazeti lililoloa." Akakisukuma kikombe. Nilitaka kumwambia kwamba niliamka kabla ya majogoo kwa ajili ya hiyo saruji.

Najua alikuwa mchanganya rangi kiwandani miaka thelathini na mmoja. Kila mtu mtaani anajua, kwa sababu anawaambia. Lakini siku hizi hakuna kinachompendeza. Wali una kutu. Maziwa yamechujuka. Kuta za sebule, alizozipaka yeye mwenyewe rangi nyeupe, anasema zimebadilika rangi kwa unyevu na anamlaumu Baba. Mdogo wangu, Kasuku wetu, ambaye hurudia kila neno analosikia, sasa anakwenda shule akiwaambia watoto wenzake chakula chao kina kutu.

Nilimuuliza Baba kama Babu anafanya makusudi. Baba akasema, "Nimonia ilimwondolea hamu ya kula. Ya kusema imebaki." Hakunijibu, lakini nilicheka.

Ijumaa, 21 Machi

43.1. Tunarudi nyuma.

Lakini barua yako imefika! Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni na mwavuli wazi. Sikujua kwamba mwenzako wa chumba, yule Mthai, ndiye anayekupikia ukirudi umechoka darasani. Maelezo ya supu yake ya mboga na tui nimeyanakili hapa yasije yakaloa: kitunguu, tangawizi, pilipili moja, mchaichai uliopondwa shina, majani ya mlimau, viazi vitamu, karoti, uyoga, karanga zilizosagwa, tui la nazi, sosi ya soya, sukari kidogo, na ndimu mwishoni. "Manjano kidogo, ukipenda." Umeandika kwamba inamwamsha hata aliyelala. Huyu wetu hajalala, Mama, amesusa. Nitajaribu.

Jumamosi, 22 Machi

Nilikwenda kwa Mama Fungu, muuza mboga wa kwenye kona. Nikamsomea orodha.

"Mchaichai, majani ya mlimau, uyoga, nazi mbili," akarudia. "Mwanangu, unapika au unamfukiza mtu?"

"Napika supu ya Kithai."

"Thai ndiyo wapi?"

"Mbali sana."

"Na kama wao wanaipika huko mbali, wewe unatusogezea ya nini?" Lakini alinichagulia nazi kwa kuzitikisa sikioni moja moja, na uyoga akaufunga kwenye gazeti peke yake usipondeke.

Nikakuna nazi, nikakamua tui la kwanza zito, kisha la pili jepesi. Kukaanga kitunguu na tangawizi kulikwenda vizuri, jikoni pakanukia kama nyumba ya watu wengine. Sasa sikiliza kosa langu. Mvua ilikuwa inadondoka palepale juu ya sufuria, tone baada ya tone. Nikaogopa supu isiwe ya maji ya paa, nikamimina tui lote kwa pamoja, zito na jepesi, nikafunika kwa mfuniko mzito na kuongeza moto ili iive upesi. Nilipofunua, mafuta yalikuwa yameelea juu na chini kuna maji yenye vipande vyeupe kama chokaa iliyobanduka. Tui lilikuwa limekatika.

Nilikuwa nimesimama na mwiko, machozi yakinilengalenga, niliposikia mlango wa chumba cha Babu. Mama, Babu hajatoka chumbani bila kuitwa tangu Januari.

"Nani anaharibu rangi humu?" akauliza.

"Si rangi, Babu. Ni supu."

"Kitu chenye mafuta na maji ndani yake, ukikichemsha kwa fujo kikaachana, hiyo ni rangi iliyoharibika. Umetia vyote pamoja?"

"Ndiyo."

"Ukafunika?"

"Paa linavuja."

Akatazama juu, akatazama sufuria, akaketi kwenye kigoda. "Kiwandani aliyefanya hivyo alirudishwa kufagia. Chepesi kwanza, mboga ziive humo. Kizito mwisho, moto mdogo, na mkono usisimame. Koroga upande mmoja. Wala usifunike."

"Na paa?"

"Kasuku! Leta mwavuli wa dada yako."

Kwa hiyo nilipika upya kwa nazi ya pili, mimi nikikoroga, Kasuku amesimama juu ya kiti ameshika mwavuli juu ya sufuria, Babu anatoa amri. Ndimu nikaikamua nikiwa nimeshaepua. Akaletewa kikombe. Akainamisha kichwa. "Manjano mno," akasema. Akaonja. Akaonja tena.

"Hii ina makali," akasema. "Hii naisikia."

Alikunywa nusu kikombe. NUSU KIKOMBE, Mama.

Ijumaa, 28 Machi

43.5. Manjano niliyotia: kijiko cha chai. Babu: "Punguza."

Jumapili, 30 Machi

Nusu kijiko. "Punguza."

Ijumaa, 4 Aprili

44.4! Anakula viazi vya ndani, si mchuzi tu. Kikohozi kimepungua.

Jumatano, 9 Aprili

Robo kijiko. "Manjano mno. Mkono wako mzito." Nilikuwa najiona mkono wangu mwepesi kabisa, lakini yeye ndiye fundi.

Ijumaa, 11 Aprili

45.3. Baba ameanza kurudi mapema nyumbani, anasema ni kwa sababu ya mvua. Anakuja moja kwa moja jikoni na bakuli lake mkononi.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimegundua kwamba nilikuwa sijawahi kumsikiliza Babu. Akiwa kwenye kigoda anaeleza vitu vizuri kuliko walimu wangu wengine. Leo ameniambia nyeupe ndiyo rangi ngumu kuliko zote, kwa sababu haina pa kujificha. Mtu akikosea kijani hakuna ajuaye, akikosea nyeupe nyumba nzima inamsema. Anasema alikuwa akitazama pipa la nyeupe na kujua limepungukiwa na tone moja. Nilimuuliza kwa nini aliacha kazi kabla ya kustaafu. Akasema, "Msimamizi alikuwa mjinga," kisha akauliza kama uyoga umekwisha.

Ijumaa, 18 Aprili

46.4. Nesi amenong'ona, "Mnamlisha nini?" Nikamwambia. Ameandika orodha nyuma ya kadi ya mtu mwingine.

Jumapili, 20 Aprili

Ncha ya kisu tu. "Bado manjano."

Ijumaa, 25 Aprili

47.2. Mama Fungu sasa anaita rundo la mchaichai, ndimu na majani ya mlimau "fungu la Babu," na watu wananunua bila kujua Babu ni nani.

Jumapili, 27 Aprili

Leo nimeharibu. Nitakueleza yote kama nilivyoahidi.

Nilipika supu bora kuliko zote. Tui halikukatika hata kidogo. Na manjano sikutia. Hata chembe. Nilitaka kumfurahisha. Nikaiweka mbele yake, na Baba na Kasuku wapo mezani. Babu akainamisha kichwa, akasukuma bakuli.

"Manjano mno! Nimekwambia mara ngapi? Huna macho?"

Nimefanya kazi hii wiki tano, Mama, baada ya masomo, chini ya mwavuli. Nikapandwa na hasira, nikasema kwa sauti, "Babu, leo sijatia manjano! Hakuna manjano humo!"

Babu akalivuta bakuli tena.

"Kasuku," Babu akasema polepole, "supu hii ina rangi gani?"

"Nyeupe, Babu."

"Na ukuta ule?"

"Mweupe."

"Wote?"

"Wote."

Akamtazama Baba. Baba alikuwa anatazama kijiko chake. Babu akasema, "Mimi naona manjano. Nimekuwa nikiona manjano." Akainuka, akaenda akipapasa ukuta mpaka chumbani kwake, akafunga mlango. Bakuli likapoa.

Ni ukweli, nao niliusema. Lakini niliusema kama mtu anayetupa jiwe.

Jumatatu, 28 Aprili

Hakula.

Jumanne, 29 Aprili

Maji tu. Baba amejaribu. Kasuku amejaribu, akarudi analia, wala hakurudia alichoambiwa.

Jumatano, 30 Aprili

Chai, mkate nusu kipande. Mvua haijakatika tangu alfajiri. Barua ya daktari kwenye kabati imeanza kujikunja pembeni. Siwezi kuitazama.

Alhamisi, 1 Mei

Nilirudi kutoka shule, nikapiga moyo konde, nikabisha hodi. Alikuwa ameketi kitandani na koti lake.

Nikasema, "Babu, naomba radhi. Nilikupigia kelele mbele ya watu."

"Kelele si kitu," akasema. "Kiwandani mashine zilipiga zaidi."

Akaniambia nikae. Kisha akanieleza habari ambayo nadhani hata wewe huijui. Mwaka wake wa mwisho, mapipa arobaini ya rangi nyeupe yalirudishwa na wateja. Walisema si nyeupe, ina ubuluu. Yeye alikuwa ameona nyeupe imeingia manjano, akairekebisha kwa matone ya buluu, kama mchanganya rangi yeyote angefanya. Msimamizi wake, waliyeanza naye kazi siku moja, alimwambia, "Rafiki yangu, nenda kapime macho." Babu akamtukana mbele ya kiwanda kizima, akavua aproni, akaondoka. Ni miaka sita hawajasalimiana.

"Miaka sita nimemwita mjinga," akasema. "Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anaona."

Nikasema lililokuja. "Babu, ulimi wako haujakosea hata siku moja. Pilipili ikizidi unajua. Ndimu ikipungua unajua. Mimi nina macho lakini sina ulimi kama wako. Basi tugawane kazi mpaka daktari akurudishie yako."

Nikatoka, nikaenda kupika kwa nguvu zote, nikigonga sufuria makusudi. Nikaepua na kupakua. Mara nikasikia sauti kutoka nyuma ya mlango:

"Hujakamua ndimu!"

Mama, nilitazama. Ndimu ilikuwa pale mezani, nzima.

"Umejuaje, Babu?"

"Naisikia isivyonukia. Leta bakuli hapa kabla hujaharibu na kingine."

Ijumaa, 2 Mei

46.1. Tumepoteza zaidi ya kilo nzima. Zimebaki Ijumaa tatu. Tumeondoka kliniki tukapitia kwa Mama Fungu kabla ya nyumbani. Babu mwenyewe ndiye aliyetikisa nazi.

Jumapili, 4 Mei

Baba ameziba paa! Kasuku amestaafu kazi ya mwavuli na hana furaha.

Jumatano, 7 Mei

Mabakuli matatu kwa siku: kabla sijaenda shule, nikirudi, na jioni. Mimi namwambia rangi, yeye ananiambia ladha. "Karoti?" "Rangi ya chungwa iliyoiva." "Majani?" "Kijani cha daftari langu." "Haya, koroga."

Ijumaa, 9 Mei

47.3.

Ijumaa, 16 Mei

48.9. Madaktari wa macho wamefika. Nimeuliza dirishani, karani akasema orodha inafungwa Ijumaa ijayo jioni. Kikohozi hakuna kabisa. Nimeongeza karanga.

Ijumaa, 23 Mei

Kaa chini kwanza, Mama.

Tulifika kliniki mapema, lakini zamu yetu ilifika jioni. Nilibeba chupa ya chai yenye supu, kwa sababu baada ya mizani huwa anasikia njaa. Babu akapanda na koti. Nesi akasema, "Mzee, unajua utaratibu." Akavua koti. Akavua na viatu, kwa kiburi. Nesi akasogeza vyuma vya mizani, akasogeza tena, uso ukamshuka.

"Arobaini na tisa nukta nane."

Watu wote kwenye benchi walikuwa wanatujua kwa kilo, wakaguna. Gramu mia mbili! Uzito wa kitunguu kimoja kikubwa!

Babu akashuka taratibu. "Mjukuu wangu," akasema, "hiyo chupa ni ya pambo?"

Nikamimina kikombe. Akanywa. Nikamimina cha pili. Akakaa katikati ya benchi, akanywa polepole kama mtu aliye kwake, akatafuna uyoga mmoja mmoja, akafuta midomo kwa leso, akapanda mizani tena.

Nesi akasogeza vyuma. "Hamsini," akasema. Akasogeza kidogo. "Hamsini na nukta mbili."

"Babu, si udanganyifu huo?" nikanong'ona, maana wewe ulinifundisha.

Nesi alinisikia. "Udanganyifu ni mawe mfukoni," akasema. "Supu iko ndani ya mzee. Na barua haikusema apimwe kabla ya kula." Akaandika 50.2 kwa wino, akagonga muhuri mara mbili. Benchi zima likapiga makofi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaomba aonje kilichobaki.

Nilikimbia mpaka dirisha la macho na karatasi mkononi. Karani alikuwa ameshika komeo. Nilifika.

Jumanne, 27 Mei

Wamempasua jicho la kulia asubuhi. Ana bandeji. Analalamika kuhusu uji wa wodini, kwa hiyo ni mzima.

Jumatano, 28 Mei

Leo ukurasa wa mwisho wa daftari, na hatujambo. Naliandika neno hilo kwa mara ya kwanza: hatujambo.

Wamefungua bandeji saa tatu, na mchana alikuwa nyumbani. Aliingia sebuleni akasimama katikati. Akazunguka akitazama kuta, ukuta mmoja baada ya mwingine.

"Ni nyeupe," akasema. "Nilizipaka vizuri."

Kisha akamgeukia Baba, akamwomba radhi kwa habari za unyevu. Baba akasema, "Unyevu ulikuwepo pia, mzee," wakacheka wote wawili. Kisha akanitazama mimi. Akanishika kidevu, akaniinamisha uso kwenye mwanga wa dirisha kama anavyofanya na bakuli.

"Una kovu hapa."

"La mwaka juzi, Babu. Nilianguka na baiskeli."

"Mwaka juzi," akasema. "Na hakuna aliyeniambia."

Nikamletea supu. Akaikazia jicho jipya. Mara akapaza sauti hadi Kasuku akaruka: "Nyeupe kama dari! Miezi miwili mnamlisha mchanganya rangi supu isiyo na rangi?"

"Wewe ndiye uliyesema nipunguze!"

"Ningesema utie mchanga ungetia? Mimi kipofu, wewe unanitii?" Akala mabakuli mawili huku akilalamika. Halafu akamtuma Kasuku chini ya kitanda kuleta sanduku lake la rangi ambalo halijafunguliwa miaka sita.

Sasa kuna jambo la haraka. Babu amemwandikia msimamizi wake wa zamani barua ya mistari minne, ya kwanza ikiwa "Ulikuwa unaona sawasawa." Amemwalika kula supu mwezi ujao, tarehe kumi na nne. Anasema mtu waliyetazama naye mapipa miaka yote ile hawezi kuwekewa mezani rangi ya kubahatisha. Kwa hiyo ndani ya daftari hili utakuta kipande cha kadi chenye mistari mitatu ya rangi aliyoichanganya leo kwa mkono wake: wa kwanza ni tui lenyewe, wa pili una manjano ya ncha ya kisu, wa tatu una nusu kijiko. Mshikie mwenzako wa chumba kadi hiyo dirishani, kwenye mwanga wa asubuhi, si chini ya taa, Babu amesisitiza, na urudishe kadi kwa posta ya kwanza kabisa ikiwa na alama ya kalamu kwenye mstari ulio sawa.

Maelezo ya mwenzako yanasema "manjano kidogo, ukipenda." Mama, sasa tunapenda. Kidogo ni mstari upi?